Nafasi ya Nyuzi Kwenye Mandolini: Jinsi ya Kuipima na Kuirekebisha

Na Ofisi ya Mawasiliano ya Kaunti

Katika somo la ufundi la toleo hili tunashughulikia mandolini, chombo ambacho wakazi wengi wa Pwani wanakijua kutoka kwenye vikundi vya taarabu, ambako kilipigwa pamoja na udi, fidla na ganuni. Nyumba kadhaa katika kaunti yetu bado zina mandolini ya babu au mjomba, imening'inizwa ukutani au imefichwa juu ya kabati. Mara nyingi tukiuliza kwa nini haipigwi, jibu ni hili: "Inaumiza vidole," au "Vidole vyangu ni vinene."

Mwaka uliopita, tulipokuwa tukipiga picha za vyombo vya zamani kwa ajili ya jarida hili, tulikutana na mzee mmoja aliyekuwa akipiga mandolini harusini tangu ujana wake. Alikuwa ameacha. Alituambia kwamba vidole vimenenepa kwa uzee, na kila akibonyeza jozi moja ya nyuzi, kidole kinagusa jozi ya jirani na sauti inakufa. Alikuwa tayari kumpa mjukuu wake chombo hicho, lakini mjukuu naye alijaribu wiki mbili akakata tamaa. Fundi seremala tuliyekuwa naye akaomba rula. Alipima, akaandika, kisha akasema, "Mzee, vidole vyako havina kosa. Nyuzi hizi zimepangwa vibaya." Mzee akacheka, akamjibu, "Basi mwanangu, miaka sita yote nimekuwa nikiusingizia uzee."

Kosa lililokuwa kwenye chombo chake ni la kawaida, na kulirekebisha hakuhitaji pesa nyingi. Kunahitaji kipimo, hesabu kidogo na subira.

Ijue mandolini yako

Mandolini ilikua nchini Italia, hasa katika mji wa Napoli, katika karne ya 18. Ina nyuzi nane, lakini mpigaji huzihesabu kama nne, kwa sababu zimepangwa mbili mbili. Kila jozi hukazwa kwa sauti moja. Kutoka nene hadi nyembamba, jozi hizo ni G, D, A na E, sawasawa na fidla. Ndiyo maana mpigaji fidla akishika mandolini hapotei njia.

Sehemu nne zinatuhusu leo:

1. Kizingiti. Hiki ni kipande kidogo cha mfupa au plastiki kilicho mwanzo wa shingo, karibu na vigingi vya kukazia nyuzi. Kina mifereji minane, na kila uzi hupita kwenye mfereji wake.

2. Daraja. Ni kipande cha mbao kinachosimama juu ya tumbo la chombo. Katika mandolini nyingi daraja halijagundishwa. Linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, kwa hiyo linaweza kusogezwa.

3. Freti. Ni vyuma vyembamba vinavyokata shingo kwa upana.

4. Mkia. Ndipo nyuzi zinapofungiwa upande wa chini.

Nafasi kati ya nyuzi huamuliwa na kizingiti kwa upande wa juu na daraja kwa upande wa chini. Mkono wa kushoto, unaobonyeza nyuzi, hutegemea zaidi kizingiti. Mkono wa kulia, unaoshika piki, hutegemea zaidi daraja.

Vipimo vitatu vya kukumbuka

Katika somo hili tutatumia maneno matatu.

Ukingo: umbali kutoka ukingo wa shingo hadi katikati ya uzi wa kwanza wa pembeni.

Mwachano: umbali kati ya nyuzi mbili za jozi moja, kutoka katikati hadi katikati.

Pengo: umbali kutoka uzi wa mwisho wa jozi moja hadi uzi wa kwanza wa jozi inayofuata.

Mandolini nyingi za kisasa zina kizingiti chenye upana wa milimita 28 hadi 30 hivi. Hii ni nafasi ndogo sana kwa nyuzi nane, na ukikosea kwa milimita moja tu kidole kinalijua kosa hilo mara moja.

Hesabu yenyewe

Tuchukue kizingiti cha milimita 30. Tuache ukingo wa milimita 3 kila upande. Zinabaki milimita 24 kati ya uzi wa kwanza na wa mwisho.

Jozi ni nne, kwa hiyo kuna mwachano mara nne. Kati ya jozi nne kuna mapengo matatu. Tukichagua mwachano wa milimita 2.2, mahesabu ni haya:

Mwachano wote: 4 × 2.2 = 8.8
Kinachobaki: 24 − 8.8 = 15.2
Pengo moja: 15.2 ÷ 3 = 5.07

Sasa angalia kidole kinachobonyeza jozi ya A. Upande mmoja ana jirani yake D, upande wa pili ana jirani yake E. Njia aliyo nayo kidole, kutoka jirani hadi jirani, ni pengo, mwachano, na pengo tena: 5.07 + 2.2 + 5.07, yaani milimita 12.3. Toa kama nusu milimita kwa ajili ya unene wa nyuzi jirani, zinabaki 11.8.

Mandolini ya yule mzee ilikuwa na kizingiti cha upana huo huo wa milimita 30, na ukingo ule ule wa milimita 3. Lakini aliyewahi kumbadilishia kizingiti alikuwa ameachanisha nyuzi za kila jozi kwa milimita 3.2, pengine akidhani anampa nafasi. Fanya hesabu:

Mwachano wote: 4 × 3.2 = 12.8
Kinachobaki: 24 − 12.8 = 11.2
Pengo moja: 11.2 ÷ 3 = 3.73
Njia ya kidole: 3.73 + 3.2 + 3.73 = 10.66

Ukitoa nusu milimita, zinabaki kama 10.2. Alama ya ncha ya kidole cha mzee, tulipoipima, ilikuwa milimita 11. Kidole hakikuwa na njia ya kupita bila kumgusa jirani. Upana wa shingo haukuwa na neno. Nafasi iliyopo ndiyo iliyogawanywa vibaya. Hili ndilo fundisho kuu la somo letu: kuongeza nafasi ndani ya jozi ni kupunguza nafasi kati ya jozi.

Lakini usibane kupita kiasi

Mtu anaweza kusema, basi tuzisogeze nyuzi za jozi ziwe karibu kabisa. Hapana. Uzi ukipigwa hutikisika kwa upana. Nyuzi mbili zikikaribiana mno hugongana na kutoa mlio wa kukwaruza, hasa jozi ya G ambayo ni nene na hutikisika zaidi. Kwa upande mwingine, zikiachana mno, kidole hubonyeza uzi mmoja vizuri na mwenzake nusunusu, na sauti inatoka na mchanga ndani yake.

Kwa vizingiti vingi, mwachano wa kati ya milimita 2 na 2.5 unafaa.

Mafundi wazoefu hawatumii mwachano mmoja kwa jozi zote, kwa sababu nyuzi zina unene tofauti. Katika seti ya kawaida ya nyuzi, G ina unene wa takriban milimita 1.0, D 0.66, A 0.38 na E 0.28. Ukiziweka zote kwa mwachano wa 2.2, nafasi tupu kati ya nyuzi mbili za G itakuwa milimita 1.2 tu, na ya E itakuwa 1.9. Ndiyo sababu ni bora kuipa G mwachano wa 2.5, D 2.3, A 2.1, na E 2.0. Jumla yake ni 8.9. Kwenye kizingiti chetu cha milimita 30, kila pengo litakuwa 5.03.

Ukipima kutoka ukingo wa upande wa G, mifereji itakaa hapa, kwa milimita:

G: 3.0 na 5.5
D: 10.5 na 12.8
A: 17.9 na 20.0
E: 25.0 na 27.0

Ukate orodha hii uihifadhi kama kizingiti chako kina upana huo. Kama sicho, fanya hesabu yako mwenyewe kwa kufuata njia ile ile.

Kabla ya kugusa tupa: kagua daraja

Usianze kukata kitu chochote kabla ya kukagua daraja, kwani huenda hapo ndipo penye kosa na huhitaji kulipa hata shilingi.

Tazama nyuzi mbili za pembeni pale shingo inapokutana na tumbo la chombo. Je, umbali kutoka uzi wa G hadi ukingo wa shingo ni sawa na ule wa upande wa E? Kama uzi wa E unakaribia kuanguka nje ya freti na wa G uko mbali na ukingo, daraja limesogea upande. Legeza nyuzi kidogo, bila kuzitoa, kisha lisukume daraja taratibu kwa vidole viwili vya gumba mpaka pande zote mbili zilingane.

Daraja likisogea, sauti za juu ya shingo zinaweza kupotea. Kwa hiyo jaribu hivi: gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, upige, usikilize sauti nyembamba inayotoka. Kisha bonyeza freti hiyo hiyo ya 12 upige tena. Sauti mbili zinapaswa kulingana. Ikiwa ya kubonyeza iko juu, sogeza daraja nyuma kuelekea mkia. Ikiwa iko chini, sogeza mbele kuelekea shingo. Programu za kupima sauti kwenye simu zinatosha kwa kazi hii.

Hakikisha pia daraja limesimama wima. Kila unapokaza nyuzi, hulivuta juu yake kuelekea shingo. Daraja lililoinama siku moja huanguka na kuumiza tumbo la chombo.

Pima kidole chako

Bonyeza kidole cha kati cha mkono wa kushoto kwenye unga mkavu, upulize unga wa ziada, kisha kibonyeze kwenye karatasi nyeusi kwa nguvu ile ile unayobonyezea nyuzi. Pima upana wa alama. Rudia mara tatu uchukue wastani. Kama alama ni ndogo kuliko njia ya kidole uliyoihesabu, chombo kinakufaa. Kama ni kubwa, punguza mwachano ndani ya mipaka tuliyotaja, au punguza ukingo kidogo.

Lakini ukingo usishuke chini ya milimita 2. Chini ya hapo, ukibonyeza kwa nguvu uzi utateleza nje ya freti katikati ya wimbo. Ukiona hata baada ya kupunguza nafasi haitoshi, unahitaji mandolini yenye shingo pana zaidi. Kizingiti hakiwezi kuzidi shingo kilichokalia.

Kutengeneza kizingiti kipya

Vifaa: rula ya milimita au vernia, penseli iliyochongwa kali, tupa ndogo nyembamba, kisu, msasa, gundi ya mbao, na kipande cha mfupa. Vaa barakoa unapokata na kusugua mfupa, kwa maana vumbi lake lina madhara kwa mapafu.

Mfupa wa ng'ombe unatosha kabisa. Muombe muuza nyama mfupa wa muundi, sehemu ile ngumu na nene. Uchemshe mpaka nyama na mafuta yote yatoke, uukaushe vizuri kwa siku kadhaa, kisha ukate kipande kinacholingana na kizingiti cha zamani kwa urefu, upana na kimo.

Hapa tutoe tahadhari. Vyombo vingine vya zamani vina vizingiti vya pembe za ndovu, na piki zao zilitengenezwa kwa gamba la kasa. Usitafute wala usinunue vitu hivyo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza biashara hiyo, na adhabu zake ni kali. Mfupa wa ng'ombe hutoa sauti nzuri na haumpeleki mtu mahakamani.

Hatua ni hizi:

1. Weka alama ya utepe wa karatasi pale daraja linaposimama, ili ujue pa kulirudisha.

2. Legeza nyuzi polepole, jozi baada ya jozi, mpaka uweze kuzisogeza kando ya shingo.

3. Pitisha kisu kwa wepesi kuzunguka kizingiti cha zamani ili kukata rangi iliyokishika. Kigonge taratibu kwa kipande cha mbao mpaka kiachie. Usikitupe. Kama jambo likiharibika, kitarudi mahali pake.

4. Ratibu kipande kipya kwa msasa mpaka kikae bila kucheza.

5. Chora alama nane kwa penseli kwa kufuata vipimo vyako. Pima kila alama kutoka ukingo ule ule mmoja. Ukipima kutoka alama hadi alama, kosa dogo la kwanza litaongezeka mpaka la nane.

6. Anza mifereji kwa mkwaruzo mdogo tu. Rudisha nyuzi, zikaze kidogo, uangalie kwa macho. Huu ndio wakati wa kusahihisha, kwa sababu mkwaruzo unaweza kusogezwa lakini mfereji mrefu hauwezi.

7. Ukiridhika, chonga mifereji taratibu. Uinamishe kidogo kuelekea vigingi, ili uzi uguse kwa uhakika ukingo wa mbele unaotazama freti. Mfereji uwe mpana kidogo kuliko uzi wake. Ukiubana, uzi utatoa mlio wa "tik" unapokazwa, na sauti haitatulia.

8. Pima kina. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha utazame juu ya freti ya kwanza. Lazima ionekane nafasi ndogo sana, kama unene wa karatasi. Ikiwa kubwa, endelea kuchonga kidogo kidogo. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, umezidisha, na uzi utagonga freti.

9. Pakaa risasi ya penseli ndani ya mifereji ili nyuzi ziteleze vizuri. Gundisha kizingiti kwa tone dogo tu la gundi ya mbao. Siku moja mtu mwingine atahitaji kukitoa.

Ukikosea mfereji mmoja, usitupe kazi yote. Jaza mfereji huo kwa vumbi la mfupa, dondoshea tone la gundi ya haraka, acha ikauke, kisha chonga upya. Kiraka hicho hakidumu kama mfupa mzima, lakini kitakusaidia.

Upande wa daraja

Kwenye daraja nafasi ni kubwa zaidi, kwa sababu nyuzi hutanuka kadiri zinavyoshuka. Katika mandolini nyingi nyuzi za pembeni huachana kwa takriban milimita 40 hapo. Hesabu ni ile ile. Ukichukua mwachano wa milimita 3, jozi nne zinachukua 12, zinabaki 28, na kila pengo ni 9.3. Piki inapita kwa raha. Mifereji ya daraja isiwe na kina kirefu. Inatosha uzi ukae bila kuruka.

Makosa ya kuepuka

La kwanza ni kuchonga kwa haraka. Mfupa uliokwisha kuondolewa haurudi. La pili ni kutumia kisu badala ya tupa, kwani kisu hupasua. La tatu ni kubadilisha unene wa nyuzi baada ya kizingiti kukamilika. Nyuzi nene zaidi zitakwama, nyembamba zaidi zitacheza. La nne ni kufanyia majaribio chombo cha zamani chenye thamani. Kwa chombo cha aina hiyo, fanya mazoezi kwanza kwenye kipande cha mbao au plastiki, au umpelekee fundi ukiwa na vipimo vyako mkononi.

Zoezi

Mandolini ina kizingiti cha milimita 28. Unaacha ukingo wa 2.5 kila upande na mwachano wa 2.2 kwa jozi zote. Pengo ni kiasi gani? Njia ya kidole ni ngapi? Je, inamfaa mtu ambaye alama ya kidole chake ni milimita 10?

Jibu: 28 − 5 = 23. Kisha 23 − 8.8 = 14.2. Gawanya kwa 3 upate pengo la 4.73. Njia ni 4.73 + 2.2 + 4.73, yaani 11.66. Ukitoa nusu milimita zinabaki kama 11.2. Ndiyo, inamfaa, na ana nafasi ya ziada ya zaidi ya nusu milimita kila upande.

Neno la mwisho

Katika Jedwali la Nne, Katiba ya 2010 imeweka shughuli za utamaduni na vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Mambo haya mawili yanakutana kwenye kipande cha mfupa kisichozidi urefu wa kidole gumba. Kijana anayejua kutumia tupa na rula anaweza kufufua chombo kilichonyamaza, na akajipatia kipato kwa kazi ambayo mafundi wake wamebaki wachache. Ukiwa na mandolini nyumbani, ipime wiki hii. Ukiwa mwalimu wa ufundi, lichukue somo hili uwape wanafunzi wako kama zoezi la vipimo.

Yule mzee alifungiwa kizingiti kipya cha mfupa wa muundi, na kazi ilimchukua fundi asubuhi moja. Tulipopita tena mtaani kwake jioni moja, yeye ndiye aliyekuwa akipiga. Mjukuu alikuwa amekaa pembeni, akisubiri zamu yake.